Kiganja cha Mwalimu Elia

Juzi dukani kwangu Mwanga, duka nililolijenga mwenyewe kwa elimu yangu ya darasa la nne, runinga ilionyesha mtu wa koti jeusi akiongoza wapiga fidla kwa kijiti. Wateja walicheka. Mimi nilimkumbuka Mwalimu Elia, aliyeongoza kwaya ya mama yangu kule Bangwe.

Ilikuwa alasiri ya mashindano ya kwaya, nami bado mtoto. Kanisa lilinuka dagaa, maana waimbaji wetu walitoka kuanika wakaja moja kwa moja. Katikati ya wimbo umeme ukakatika, kinanda kikanyamaza, sauti zikaanza kuyumba.

"Haya, wamezama!" wakaguna wapinzani wetu wa Ujiji.

Mwalimu Elia hakugeuka. Alishusha kiganja polepole, nao waimbaji wakapunguza sauti mpaka nikasikia mawimbi nje. Kisha akakiinua, na mabati ya paa yakatetemeka.

Tulishinda. Lakini nilinuna nilipoona mbuzi wa zawadi anakabidhiwa mtu ambaye hakuimba hata neno.

"Mama, yule si alikuwa anapunga mikono tu?"

"Nyamaza we! Mwenzio nilishasahau wimbo wote. Nimeusoma mkononi mwake."

Leo nina vibarua wengi wa mizigo kule ufukweni Kibirizi, nawafokea kutwa, na sijapata kumtuliza hata mmoja kwa kiganja.