Nilitoka wodini siku ya upasuaji nikaenda kumsafisha mama

Admin naomba unifichie jina. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu habari zenu. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, sijaolewa, naishi Gerezani na mama yangu mzazi. Mama alipata kiharusi, huu ni mwaka wa nne. Upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yanatoka kwa shida, lakini akili iko timamu, anaelewa kila kitu. Namlisha, namgeuza, namsafisha haja zote. Kwa hilo silalamiki.

Shida ni kwamba na mimi naumwa. Nina uvimbe kwenye kizazi, natokwa na damu wiki mbili, inakata siku chache, inaanza tena. Kuna siku nilianguka Kariakoo nimeenda kununua pampasi za mama, wamachinga wakanifunika khanga maana gauni lote lilikuwa limelowa. Daktari akasema kizazi kitolewe. Nikapangiwa tarehe mara mbili, zote nikaahirisha kwa kukosa mtu wa kukaa na mama. Kaka yetu kila ukimpigia yuko safarini.

Mwezi uliopita mdogo wangu anayeishi Kigamboni akakubali kuja kukaa siku tano. Nikamwelekeza kila kitu, nikaenda kulazwa, nikaongezewa damu, nisubiri upasuaji kesho yake. Asubuhi ya upasuaji jirani akanipigia akaniambia mama analia tangu alfajiri na harufu imefika mpaka uani.

Nikatoka na plasta ya sindano bado mkononi, nikapanda bajaji. Nikamkuta mdogo wangu sebuleni anakula chipsi, mlango wa mama kaufunga. Humo ndani mama alikuwa amelalia kinyesi cha tangu jana, kimemkaukia mgongoni, nzi wamejaa. Aliponiona akavuta shuka kwa mkono wake mzima, akajifunika uso.

Nilimuuliza mdogo wangu imekuwaje. Akanijibu, "Dada, mimi nina kinyaa, unanijua. Wewe ushazoea."

Nikainama nikamsafisha mama huku damu inanishuka miguuni. Kidonda kilikuwa kimeshamwanza kiunoni. Mwenzangu kasimama mlangoni kaziba pua, ananiuliza kama sasa anaweza kurudi kwake.

Jamani, miaka yote hii kinyesi cha mama hakijawahi kunitia kinyaa. Mdogo wangu ndiye amenitia. Hata sauti yake ya simu nikiisikia natamani kutapika. Na kaka naye kaandika kwenye grupu la familia eti dada una moyo, pepo yako hiyo. Niliisoma nikatupa simu kitandani.

Daktari amenipangia tena, wiki ijayo, na amesema wazi kwamba mwili wangu hautavumilia kuahirisha tena. Mdogo wangu ameomba msamaha, anasema atakuja na safari hii atajikaza. Jirani anaweza kuchungulia mchana tu, ana biashara yake. Nilipomweleza mama, alisema neno moja, "Nenda." Lakini nilipomtajia atakayebaki naye, alinishika mkono, akakataa kuniachia.

Nyie mliowahi kuuguza huku wenyewe mnaumwa, niambieni mlifanyaje. Nimkabidhi tena mama kwa yule mtu, au niendelee kuvuja hivi hivi mpaka nidondoke? Nasoma kila mtakachoandika.