Poti Iliyofukizwa Udi

Nilizaliwa Ghulail, Jeddah, kwa wazee wa Unguja, na cheti cha mitandao nilikipata shule ya usiku, nikisinzia hata mate yakalowesha daftari nne. Kazi ya maana ya kwanza nikaipata Riyadh, ofisi moja ya mtaa wa Olaya: kuangalia mashine mbili za kuhifadhi data. Bosi alinipa miezi mitatu ya majaribio. Nikifaulu, ananihamishia kwake ikama, kile kibali cha kuishi nchini. Nikishindwa, halas, narudi kwa mama.

Mashine zile zilikuwa pacha. Kinachoandikwa kwa moja, mwenzake huambiwa papo hapo, kupitia poti, yaani matundu ya kuchomekea kebo, mbili za kasi zisizo na kazi nyingine. Kasi gani! Ukipiga chafya, maktaba nzima ishavuka.

Wiki ya mwisho poti moja ikaanza kuugua. Haikuzimika, taa yake kijani kabisa, ila data iliyofika imeharibika ilikuwa ikiongezeka. Nikabadilisha kebo. Siku mbili salama, ya tatu yale yale. Nilipaswa kuogopa, lakini wallahi udadisi ulinishika kuliko woga. Nikaandika saa za kila kosa, nikagundua makosa yanaanza wageni wa bosi wakishaondoka. Poti inaona haya wageni?

Dada mmoja wa Kenya, msafishaji wetu, akanikuta nimelala kifudifudi mbele ya kabati la mashine. Nikamweleza. Akaegemea ufagio wake.

"Sasa kaka, si huyo bosi wenu hufukiza udi humu kila akileta wageni? Mimi nakohoa hadi jioni. Hizo waya zenu hazikohoi?"

Nikakaa kitako. Bosi alipenda nichomoe kebo moja mbele ya wageni, waone kazi haisimami. Nami husimama nayo mkononi kama mshika bendera, ncha wazi, huku yeye akizungusha chetezo. Kisha naichomeka tena, pamoja na moshi wake.

Nikaichungulia ncha kwa hadubini ndogo ya kazi. Ule uzi wa kioo unaopitisha data ndani ya kebo, mwembamba kama unywele, ulikuwa na utando wa mafuta. Nikaufuta, nikasafisha na tundu la poti. Makosa yakasimama.

Ikabaki kumwambia. Kumgusia mwenyeji udi wake ni kumgusia heshima yake, na majaribio yalikuwa yanaisha kesho.

"Udi wangu?" akauliza.

"Udi wako, baba, na mkono wangu. Mimi ndiye niliyeiacha ncha wazi."

Nikamwekea kwenye hadubini ncha ya kebo ile ya zamani, ambayo sikuwa nimeifuta. Akachungulia muda ambao mimi niliuhesabu kuwa mwaka na nusu. Kisha akataka kuona na iliyo safi.

"Na mvuke wa kahawa?"

Nikamwambia sijui, hatujaujaribu.

Akasema wageni watafukiziwa barazani, na mimi nije asubuhi na ikama. Kisha akaagiza birika la kahawa, akavuta kiti karibu na hadubini.