Hedifoni Sebuleni kwa Baba Mkwe

Kompyuta ilikuwa ya marehemu mume wangu. Aliinunua Mbeya ikiwa imetumika, na muda wote aliokuwa nayo betri yake haikuwahi kushika chaji. Ukichomoa waya, inazima papo hapo. Alipofariki iliwekwa juu ya kabati pamoja na viatu vyake vya kanisani, na sikuigusa mpaka nilipopigiwa simu kuwa nimeitwa kwenye usaili, na usaili wenyewe utakuwa wa mtandaoni.

Kazi ilikuwa ya karani wa kupokea kakao kwenye kituo cha kampuni moja inayonunua mazao. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na kozi fupi ya kompyuta niliisomea Kyela mjini kabla sijaolewa. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Tangu msiba nilikuwa nakula kwa wakwe zangu. Hakuna aliyeninyima chakula wala kuninunia, lakini kila nilipopakua nilijiona nachota kwenye sufuria ya watu. Nilitaka kumlea mwanangu kwa jasho langu, tena hapa hapa Ndandalo alikozikwa baba yake, nisije nikarudi kwetu Ipinda na mabegi.

Shida ilikuwa mahali pa kukaa. Nyumba yangu iko bondeni, imefunikwa na migomba na mikakao, na ukiingia na simu ndani haishiki kabisa. Pale kwetu mtandao unapatikana vizuri sehemu moja tu: sebuleni kwa baba mkwe, karibu na dirisha linalotazama barabara. Na sebuleni mle mimi siingii akiwemo.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto wa kiume haonani uso kwa uso na baba wa mume wake. Tunaita ukutila. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, na mchungaji wetu husema si lazima. Lakini baba mkwe ni mtu wa zamani, na mimi mama yangu alinilea hivyo. Akitaka kupita kona ya nyumba anakohoa kwanza, nami nasogea nyuma ya migomba au naingia jikoni. Akinikuta njiani nachuchumaa pembeni na kugeuza uso. Tangu niolewe tuliishi hivyo na hatukuwahi kukosana. Nilimjua kwa kikohozi, kwa miguu yake, na kwa mgongo wake akienda shamba la mpunga. Hata siku ya mazishi tulilia kila mmoja upande wake wa kaburi, mimi nimejifunika khanga.

Mama mkwe ndiye aliyeniombea ile sebule. Alirudi na jibu akiwa anacheka.

"Amesema atashinda shamba siku hiyo. Amesema hata ukitaka kulala humo, lala."

"Ndaga, mama," nikamshukuru. Lakini niliona aibu, kumtoa mzee nyumbani kwake kwa ajili ya kompyuta.

Siku ilipofika, wifi yangu alikuja mapema kunisaidia. Ni mdogo wa marehemu, anauza vitenge anavyovitoa Malawi, na simu yake ni nzuri kuliko za wote pale nyumbani. Alinikuta nimevaa nguo yangu nyeusi.

"Wifi, hiyo vua. Watadhani umekuja kuomba rambirambi."

"Sina nyingine ya heshima."

"Mimi nauza nini? Karanga?" Akanitolea kitenge kutoka kwenye mzigo wake.

Tulivuta meza, tukachomeka kompyuta kwenye ekstensheni ya televisheni. Kioo chake kilikuwa chini mno, uso wangu ukaonekana kidevu na pua tu, kwa hiyo wifi akageuza kisado cha kupimia mchele, akakiweka mezani na kuipandisha kompyuta juu yake. Kamera haikuonyesha kitu. Tukahangaika mpaka nilipokumbuka kwamba marehemu aliibandika plasta ya kidonda.

"Huyu kaka yangu alikuwa anaogopa kuonwa na nani?" wifi akasema akiibandua kwa kucha. "Kuku?"

Tulicheka wote wawili, kisha nikaichukua ile plasta nikaifunga kwenye pindo la kitenge.

Mwanzo nilikaa dirisha likiwa nyuma yangu, nikatokea mweusi kama sufuria. Tukageuza meza ili mwanga unipige usoni. Sasa nyuma yangu ukawa mlango, na kando yake ukuta wenye picha ya marehemu, ile iliyotangulizwa mbele ya jeneza, bado ina utepe mweusi. Wifi aliitazama kwenye kioo.

"Itabidi tuifunike."

Alichukua kipande cha kitenge akakitundika juu ya picha. Mama mkwe alikuwa anapita na ungo, akasimama mlangoni, akaona, akaendelea na safari yake. Nilitamani angesema neno.

Baadaye wifi alitoka nje na simu yake, akanipigia kwenye ile kompyuta, kujaribu. Sauti ilikuwa mbaya. Jogoo, mashine ya kukoboa ng'ambo ya barabara, na maneno yangu mwenyewe yakinirudia. Akaniletea hedifoni zake, akanisukumia masikioni kwa vidole vyake. Dunia yote ikazimika, nikabaki na pumzi zangu tu. Alifurahi sana.

"Sasa hata bomu likilipuka husikii. Mimi nakaa hapa barazani, hapiti mtu."

Walikuwa watatu kwenye kioo, mwanamke mmoja na wanaume wawili. Walinikaribisha vizuri. Waliniuliza habari za kozi yangu, nikawaambia ukweli kwamba ilikuwa fupi na mengine nimeyasahau. Kisha wakaanza kuniuliza habari za kakao, na hapo nilipata nguvu, maana kakao tumeivundika na kuianika kila msimu.

Mvua ya Kyela haiombi ruhusa. Nilimwona wifi dirishani akikurupuka kutoka barazani, akikimbia na mama mkwe kuokoa kakao iliyokuwa imeanikwa kwenye mikeka. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, nadhani, lakini mimi sikusikia. Nilijipongeza kimoyomoyo kwa zile hedifoni.

"Utajuaje kwamba kakao ya mkulima haijakauka?" mwanamke aliuliza.

"Nachota konzi moja naiminya karibu na sikio. Iliyokauka inalia. Ambayo bado..."

Hapo nikaona kwenye kile kidirisha kidogo kinachonionyesha mimi mwenyewe kuwa nyuma yangu kuna mtu.

Baba mkwe alikuwa amekimbia mvua. Baadaye nilielezwa kwamba alikohoa kwenye kona, akakohoa tena barazani, tena kwa nguvu, na alipoona hakuna anayesogea alidhani nimeshamaliza na kuondoka. Alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika, jembe begani. Akainua kichwa. Akatazama kile kioo kilichokuwa kinawaka, nami nilikuwa ndani yake, namtazama.

Nataka niseme hili kama lilivyokuwa. Ningeweza kuinamisha macho mara moja. Sikuinamisha. Sikuwahi kuuona ule uso, na ulikuwa uso wa mume wangu. Paji lile lile la uso, midomo ile ile, hata lile jicho moja linalofunguka kwa uvivu kuliko jingine. Ulikuwa umezeeka, kama vile alikuwa amekwenda mahali akazeeka bila mimi. Nilimtazama kama mke anavyotazama, na yeye akaona kwamba natazama. Ndipo nilipoanguka chini ya meza.

Waya wa hedifoni ulikuja na mimi. Kompyuta ikaporomoka kutoka kwenye kisado, chaja ikachomoka, ikazima. Niliziba uso kwa kitenge cha biashara ya wifi. Nilipothubutu kuinua kichwa, mlangoni palikuwa na alama za matope tu. Mzee alikuwa amerudi kwenye mvua.

Wifi aliingia amelowa chapa chapa. Alinitazama pale chini, akaelewa bila kuambiwa.

"Simama. Wapigie kwa simu. Waambie umeme umekatika. Nchi hii nani atabisha?"

Nilipiga. Yule mwanamke alipokea haraka.

"Dada, pole, umeme umekatika?"

Alinipa jibu mkononi. Nililishika kidogo.

"Hapana. Umeme upo. Baba mkwe wangu aliingia, nikajificha."

Ikaja sauti ya mwanamume, ya chini, kama anayemuuliza mgonjwa: "Yule mzee amekufanya nini? Uko salama?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Mzee wa watu, aliyeniachia nyumba yake, nilikuwa nimemfanya aonekane mkatili mbele ya watu wasiomjua.

"Hajanifanya chochote. Ni mila yetu, hatutakiwi kuonana. Kosa ni langu, sikumsikia akikohoa."

Nilieleza yote, na nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kitu cha kuchekesha. Mwanamume wa pili alishindwa kujizuia.

"Sasa mama, wakwe wakileta kakao kituoni utaipima ukiwa chini ya meza?"

"Akija yeye nitamwita mwenzangu apime. Wengine wote nitawapima."

Walinishukuru. Jioni ile baba mkwe hakuingia sebuleni, ingawa nilishatoka zamani na meza ilisharudishwa. Alikula jikoni kwenye moshi, na mama mkwe alimpelekea maji ya kunawa huko huko.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu nikiwa shamba: nafasi imepata mtu mwingine, nisichoke kuomba. Sijui kama ni kwa sababu ya siku ile. Huenda aliyepata alikuwa na kozi ndefu.

Msimu uliofuata kampuni nyingine ilitangaza nafasi, nikaomba, wakaniita, vile vile mtandaoni. Mama mkwe alinijia bandani nilikokuwa napepeta mpunga.

"Baba yako amesema sebule ni yako. Yeye atashinda Busale kwa kaka yake, mvua inyeshe isinyeshe."

"Mwambieni ndaga fijo. Lakini nitakwenda Ipinda, kuna duka la kuchapa lina meza."

Alinitazama. "Bado unaona aibu?"

"Naona, mama."

Alidhani ni aibu ya kuonwa, nami nikamwacha adhani hivyo. Ile ningeshaizoea. Ninayoiogopa ni nyingine: nikikaa tena mle sebuleni, watu wananiuliza habari za kakao, mimi nitakuwa natazama kile kidirisha kidogo, nasubiri aingie.

Nilifunga kompyuta kwenye mfuko wa mchele, nikapanda bodaboda. Duka lilikuwa limejaa wanafunzi wanaochapa vyeti, kelele tupu. Nikamwomba mwenye duka anipe kiti ambacho nyuma yake ni ukuta.