Mbuzi Waliozunguka Kushoto

Kila nipitapo nyuma ya soko la Kabondo na kukutana na harufu ya maganda ya muhogo yaliyolowa na kuoza, mwendo wangu hupungua. Ninyi msomao mtaniwia radhi, kwani hasira inayonipanda hapo ni ya zamani kuliko kustaafu kwangu.

Msimu mmoja wa utoto wangu mvua haikukatika. Papa, baba yangu, mtu mwangalifu, aliwafungia mbuzi wake katika kibanda chenye matope ili wasinyeshewe, na akaamuru maganda ya muhogo na majani ya mahindi yashindiliwe ndani ya pipa na kufunikwa kwa turubai, yawe akiba. Turubai lilikuwa limetoboka. Maji na udongo vikaingia. Aliyewalisha mbuzi akiba hiyo ni mama mukubwa, mjane wa kaka yake Papa, mwanamke wa Yahuma mwenye ulimi wa mzaha. Chumba chake kilipakana na kibanda.

Mbuzi jike mweusi alitangulia kuugua. Sikio moja lilianguka, mdomo ukapinda, ute ukamtiririka. Akainamisha kichwa upande wa kushoto na kuzunguka, akazunguka, mpaka akaugonga ukuta wa chumba cha mama mukubwa, akabaki ameuegemea kwa paji la uso kama abishaye hodi.

Wa pili alipofuata, tonton Faustin, mdogo wake Papa, akaja na watu wa maombi, wale wanaofichua wachawi.

“Bon, munaona,” alisema. “Mbuzi yenyewe iko naonyesha mulango.”

“Faustin,” mama mukubwa akajibu, “kama ningekuwa mulozi, ningeanza na wewe. Mbuzi iko na kosa gani?”

Hakuna aliyecheka.

“Donc umekubali,” tonton akasema.

Nilimvuta Papa shati. “Papa, sema kitu.”

“Nyamaza, mutoto.” Alikuwa akitazama viatu vyake. Asubuhi iliyofuata mama mukubwa alipandishwa mtumbwi wa kwenda kwao, pamoja na mkeka na sufuria yake.

Miaka mingi baadaye, daktari wa mifugo aliyekuwa mwenzangu kazini alinieleza kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo. Bakteria wake hukaa udongoni na huongezeka katika malisho yaliyohifadhiwa vibaya. Baridi, unyevu na kubanana humdhoofisha mnyama. Yote hayo yalikuwamo uani kwetu, nayo yalitokana na uangalifu wa Papa.

Hata hivyo, sikubali tusingizie ujinga peke yake. Mama mukubwa alipokwisha kuondoka, mbuzi wa tatu alianza kuzunguka. Tulisimama uani sote tukimtazama.

“Ameacha dawa yake huku,” tonton akanong’ona, na Papa akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekwenda kumrudisha mama mukubwa. Alifia Yahuma akiitwa mulozi.

Utotoni niliamini kwamba wakubwa hawakuona maana ya mbuzi yule wa tatu. Sasa najua kuwa waliona vema kabisa; ila kumwita arudi kungewalazimu kumtazama usoni.