Wa Tatu wa Jonan

Jonan, mtoto wa ndugu yangu, alirudi kijijini kwetu Petta kutoka vitani Somalia baada ya miaka kumi na moja ya jeshi, na siku hiyohiyo tulimkosea. Zamani huku kwetu mtu aliyeua vitani hakuingia kwake moja kwa moja. Alilala katika kibanda nje ya boma, wazee wakamchinjia kondoo, wakampaka kifuani majani mabichi yaliyotoka tumboni mwa mnyama, naye akawataja aliowaua mmoja mmoja. Huko ndiko kuoshwa; ndipo mkewe akamfungulia mlango. Jonan tulimpokea kwa hema la kukodi, spika kubwa na kwaya. Mchungaji alisema kondoo ni ushetani. Mimi nilikuwa safu ya mbele, nikinywa soda.

Alipata kazi Malaba, kulinda malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amemvunja mkono mwizi wa dizeli, na dereva mmoja meno mawili, kwa kosa la kupiga honi nyuma yake. Wenye malori walicheka. Mlinzi mkali ni faida. Kisha Kevo, mpakizi wa upande wa Kenya, akamnyemelea adhuhuri na kumziba macho kwa viganja.

"Afande, nani huyu? Ni adui, amekuja kula chapo yako."

Jonan alimrusha juu ya bega, akamkalia kifuani, akamzungushia shingoni kamba ya turubai. Watu sita ndio waliomng'oa. Kevo aliishi, ila sauti yake mpaka leo ni kama mtu anayekwaruza sufuria. Jonan akafukuzwa. Juma hilohilo alimkaba mkewe, Amondi, kwa sababu alimgusa bega kumwamsha anywe chai.

Amondi alikuja kwangu na alama za vidole shingoni.

"Baba, ile kitu ya wazee, fanya."

"Na mchungaji?"

"Siyo mchungaji anayelala na yeye."

Wazee waliojua wamekufa wote. Walipokuwa hai mimi nilikuwa najifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, nikiwacheka. Nilikumbuka nusu. Tulijenga kibanda, Jonan akalala humo siku nne, siku ya tano nikamkata kondoo koo mbele yake. Damu iliporuka, hakuondoka. Nikampaka yale majani.

"Sasa wataje."

"Wa kwanza, kijana juu ya paa. Nilimpiga kifuani. Wa pili alikuja na kisu. Nilimgonga na kitako cha bunduki mpaka uso ukaisha. Wa tatu ni wetu. Gari lililipuka, miguu yake ikabanwa, akawa anaungua huku akiniita kwa jina. Nikampiga risasi."

Nikaliweka chini bakuli la majani.

"Baba, huyu anaoshwaje?"

Kwa adui nilijua. Kwa mwenzako kulikuwa na njia nyingine, na waliokuwa nayo wako chini ya udongo. Ningeweza kudanganya.

"Sijui," nikasema.

Alinipiga ngumi moja. Nilipozinduka taya lilikuwa limehama, na kondoo amekatwakatwa kwa panga hata hujui mguu ni upi na kichwa ni kipi. Jonan ameketi kando ya nyama hiyo, mikono juu ya magoti.

"Basi siingii kwangu," alisema.

Sasa anaponda kokoto nje ya mji wa Tororo, peke yake, mgongo kwenye mwamba ili mtu asimjie kwa nyuma. Jioni anarudi kibandani. Nimekwenda hadi kijiji cha Kwapa kuuliza vikongwe njia ile. Mmoja alinipa karatasi ya mkutano wa injili.

Juma lililopita Amondi alitoka nyumbani mchana kweupe, godoro kichwani, akaelekea kibandani. Zamani tungemrudisha kwa viboko: mke hakumgusa mume asiyeoshwa. Nilisimama njiani.

"Atakuua huyo," nikamwambia.

"Nitalala miguuni. Kumwamsha nitamchokoa na mti mrefu." Alishusha pumzi. "Nipishe, Baba. Godoro ni zito."

Nikampisha.