Fundi Pua na Reli ya Petroli

Mtaa mzima unamwita mume wangu Pua, na si kwa sababu ya sura. Kwa sura ni mtu wa kawaida tu, nilimkubali nikiwa na akili zangu timamu. Jina alilipata kazini. Ukimletea gari, hakufungua hata kisanduku cha spana. Aliingiza kichwa chini ya boneti, akavuta pumzi mara mbili, akakuambia petroli inavuja wapi. Watu waliziacha gereji za maana wakaja kwenye ua wetu, kati ya kamba ya nguo na mlango wa jikoni, wasikie Pua atasema nini. Akishasema "iko safi," mtu aliwasha gari akaenda zake, hana swali la pili.

Mimi ni dobi wa hospitali. Zamu ya asubuhi naondoka alfajiri, narudi saa tisa alasiri mgongo ukiniuma, na saa hizo sina subira na kiumbe yeyote. Siku hiyo nilikuwa hata sijalifikia geti nikasikia petroli. Haikuwa ile harufu yake ya kila siku niliyokwisha kuizoea. Hii ilinikaba koo. Nikasema moyoni, leo huyu bwana kamwaga dumu zima.

Uani kulikuwa na gari dogo jeupe la jirani yetu mkunga. Pua alishinda nalo tangu asubuhi akibadilisha reli, lile bomba la chuma linalolala juu ya injini na kugawa petroli kwenye nozeli, vile vimirija vinavyoipuliza ndani ya injini. Reli ya zamani, imeliwa na kutu, ilikuwa juu ya gunia, boliti zake zimepangwa pembeni vizuri kabisa. Mpya alikwisha kuifunga, na alikuwa amefungua swichi ili pampu isukume mafuta. Chini ya gari dimbwi lilikuwa linatambaa kuelekea mlango wa jikoni. Mwenyewe kakaa kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje, anapiga mluzi, mkono uko kwenye ufunguo.

"Umerudi, mama watoto?" akaniambia. "Ngoja uisikie inavyonguruma. Iko safi."

Sijui mbio zile nilizitoa wapi, mimi ninayepanda ngazi za hospitali kwa kupumzika mara tatu. Nilichomoa ufunguo, nikamshika shati, nikamvuta nje kama gunia la nguo chafu.

"Una wazimu wewe? Unataka kutuchoma?"

Alinitazama, halafu akatazama chini, akaliona dimbwi.

"Nani kamwaga maji hapa?" akauliza.

Maji. Miaka ishirini na sita nalala na mtu huyu, mashuka yangu yananuka petroli nami nafua shuka za watu, leo ananiuliza nani kamwaga maji. Niliokota kitambaa alichokuwa anafutia mikono, kimelowa chapachapa, nikamsogezea usoni. Akavuta pumzi mara mbili, kama anavyofanya mbele ya wateja. Machozi yakamtoka kwa ule mvuke, lakini uso haukubadilika.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema.

Tulichomoa waya wa betri, tukalisukuma gari mbali na jiko, tukamwaga mchanga kwenye dimbwi. Halafu tukakaa kwenye ngazi ya jikoni akaniambia. Yale mafua makali ya mwaka jana, yaliyomlaza wiki mbili, yalikwenda na pua yake. Hasikii petroli, hasikii sabuni, hasikii chakula. Nikakumbuka nilivyounguza maharage mpaka jirani akapiga hodi kuuliza kuna nini, naye akayala akayasifu. Nilidhani uzeeni hatimaye amepata adabu.

Lililoniuma zaidi ni jingine. Tangu mwaka jana alikuwa ananiita nikae naye uani anapofanya kazi. "Njoo unipe kampani," ananiambia, nami najitanda khanga yangu nzuri nakwenda, nimevimba kichwa. Kumbe nilipokunja uso, ndipo alipojua panavuja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Pua hana pua? Nani angeniletea gari?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, makali yote, lakini wazo moja lilinijia. Mimi sikuwa uani kila siku. Kuna wiki za zamu ya jioni, narudi usiku.

"Umefungua bomba za mafuta za magari mangapi mimi nikiwa kazini?"

Akahesabu kwa vidole, akaishia cha tatu. Alisema yote aliyakagua kwa macho. Hili la leo pia alilikagua kwa macho, kumbe kipete cha mpira kinachoziba nozeli ya nyuma kilikatika mahali jicho halifiki.

Tulitoka hivyo hivyo kuyafuata yote matatu, mimi na sare yangu ya kazini, yeye na kandambili. Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu. Nilipoingiza kichwa kwenye boneti, mwalimu akacheka akasema kumbe siku hizi Pua anatembea na pua ya akiba. Hatukucheka. Lilikuwa salama. La muuza maziwa nalo lilikuwa salama, linanuka maziwa tu. Nikaanza kupumua.

La tatu lilikuwa la binti yetu, anayepeleka watoto wake mapacha shuleni nalo kila asubuhi. Lilikuwa mbele ya nyumba yake, viti viwili vya watoto viko nyuma, sweta moja limesahauliwa. Sikuhitaji kufungua boneti. Nilisimama hatua tatu mbali nikashika mdomo.

Binti yetu akatoka akifuta mikono. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Mbona hivyo, kuna msiba?"

"Harufu hii ina siku ngapi?" nikamuuliza.

"Ipi? Hii ya petroli? Tangu baba aliponirudishia gari. Wiki mbili."

"Na unapakia watoto humu?"

Akanishangaa mimi, si gari. "Mama, baba mwenyewe alinusa akasema iko safi. Nikajua pua yangu ndiyo mbovu. Hata watoto wakilalamika nawaambia wanyamaze, babu yao hakosei."

Mume wangu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Akaviangalia vile viti viwili.

"Pua yako ni nzima, mwanangu," akasema. "Waite watoto. Nataka niwaambie mwenyewe."