Aliyelishika Jipu Macalder

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi kabla sijaanza. Nimewasimulia watu jambo hili sokoni, nje ya kanisa, hata hospitalini nikingoja dawa, na kila mara wapo wanaoanza kwa kicheko. Sijaona aliyemaliza nacho. Sikuwa nimelewa siku hiyo. Sikuwa na homa. Na haikuwa usiku, maana najua wengi mnafikiri mambo haya yana saa zake. Lilikuwa jua la utosini. Shemeji yangu Atieno, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwepo. Yuko hai hapa Homa Bay, mwulizeni.

Mimi na Atieno tunafanya biashara ya njugu. Nina jipu la zamani, lile la kuvuta magurudumu yote manne, kuukuu kiasi kwamba mlango mmoja nimeufunga kwa waya. Siku hiyo tulikuwa tumetoka kununua njugu ndani ndani Nyatike. Tulipofika Macalder, huko wanakochimba dhahabu, nikakanyaga breki kwenye mteremko na gari likaenda tu. Nikarudisha gia chini, likapunguza mwendo kwa shida, nikaliegesha kando ya barabara. Kushuka, naona gurudumu la nyuma la kushoto limelowa mafuta upande wa ndani. Harufu ya kuungua ikanichoma pua.

Nilijua ni nini. Ndani ya ekseli ya nyuma kuna mafuta mazito, na mwisho wake, karibu na gurudumu, kuna sili, mpira wa duara unaoyazuia yasitoke. Sili ikichakaa, mafuta yanatambaa hadi kwenye breki, na breki iliyolowa mafuta si breki tena. Sili mpya nilikuwa nayo, niliinunua Migori nikisema nitaifunga nikipata nafasi. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mwingine, mrefu kuliko ule. Wewe ungefanya nini?

Tukashusha magunia yote. Nikazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nikaweka jeki juu ya ubao mpana, na chini ya ekseli nikapanga mawe mengine, endapo jeki itashindwa. Sikufanya mchezo, niamini. Nikatoa gurudumu, nikatoa chuma cha ndani kinachozungusha gurudumu, nikafika kwenye sili. Ilikuwa imekauka, ngumu kama ukoko wa ugali. Nikaing'oa, nikasafisha breki kwa petroli, nikagonga sili mpya taratibu mpaka ikakaa. Atieno alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, chini ya mti wa miiba, akijipepea kwa kanga.

Lilibaki jambo moja. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na matope, mafuta yakipata moto hukosa pa kupumulia, yanasukuma sili mpaka yanatoka, hata kama sili ni mpya. Kwa hiyo nikalala chali, nikajivuta chini ya gari kukizibua.

Hapo ndipo ardhi iliposhuka.

Sisemi jeki iliteleza. Nasema ardhi ilishuka. Jeki, ubao na mawe yangu yote viliondoka mara moja, kama mtu aliyevutiwa kiti. Niliiona ekseli ikinijia kifuani. Watu husema katika saa kama ile unaona maisha yako yote. Uongo. Mimi niliona chuma na matope makavu, basi.

Halafu ikasimama. Ilikuwa imegusa vifungo vya shati langu, ikasimama.

Nikasikia sauti, imechoka, karibu sana na sikio langu. "Toka, omera. Nimeshika."

Omera ni ndugu, kwa Kijaluo. Nikageuza macho, nikaona mikono miwili imeibeba ekseli kwa chini. Vidole vilikuwa na udongo mwekundu uliolowa, unadondoka. Nawaambia kiangazi kilikuwa kimekausha hata matope ya mabwawa! Lakini mtu aliyeokolewa haulizi maswali. Nikajua ni mchimbaji, maana huko wamejaa, amepita akaniona. Nikajikokota kwa visigino na viwiko hadi nikatoka.

Nilipoinuka nikamwona vizuri. Alikuwa amechuchumaa, mabega yake chini ya gari, kijana wa umri wangu. Maji yalikuwa yanamchuruzika nguoni. Mguu mmoja una gambuti, mwingine mtupu. Na kifua chake, jamani, kifua chake hakikuwa kikipanda wala kushuka. Mtu amebeba jipu mabegani, hahemi!

"Erokamano," nikamshukuru. "Ngoja nilete mawe."

"Usilete," akasema. "Mimi ni Ochieng. Mama yangu anauza vyungu Kendu Bay, wanamwita Min Ochieng. Mwambie asiniwekee chakula tena. Sikwenda Tanzania. Mwambie nimechoka."

Nikauliza swali la kijinga, sijui kwa nini. "Umechoka na nini?"

Kabla hajajibu, Atieno akapiga yowe, nami nikageuza kichwa kumtazama. Papo hapo jipu likaanguka, kishindo, ekseli ikazama ardhini. Niliporudisha macho hapakuwa na mtu. Nikachungulia chini, nikazunguka gari nikiita. Mahali penyewe ni peupe, hata mbuzi hawezi kujificha.

Atieno alikuwa ameketi barabarani.

"Shemeji, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na yule aliyeshika gari."

"Nani? Hakukuwa na mtu! Niliona jeki ikimezwa, gari likabaki hewani, halina kitu chini! Na wewe umesimama unaliongelesha!"

Mnaelewa? Mimi nilimwona mtu. Yeye aliona gari likielea. Sijui nani kati yetu alipatwa na makubwa zaidi.

Wachimbaji walikuja mbio kwa kile kishindo. Walipoliinua jipu kwa magogo na kulisogeza, tukaona shimo lililomeza jeki. Chini yake kulikuwa na njia ya zamani ya machimbo, imejaa maji meusi. Mzee mmoja akavua kofia. Nikamwuliza kama anamjua mtu anayeitwa Ochieng. Akanitazama, kisha akawaambia wenzake wanisaidie kufunga gurudumu haraka niende zangu.

Hatukusimama Homa Bay. Tulipitiliza hadi Kendu Bay, Atieno akiimba nyimbo za kanisa njia nzima kwa sauti ya kutetemeka. Jioni tulikuwa tunauliza kwa Min Ochieng wa vyungu, na mwenye duka wa kwanza tu akatuelekeza.

Alikuwa mama mwembamba, sauti ya upole. Alitukaribisha ndani bila hata kuuliza shida yetu. Mezani kulikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, mbele ya kiti ambacho hakikaliwi na mtu. Atieno akaniminya mkono. Mimi nikasema yote kama nilivyoambiwa, macho chini: asiniwekee chakula tena, sikwenda Tanzania, nimechoka.

Mama akaigusa ile sahani iliyofunikwa. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nyathina, mwanangu, yeye alikuwa na viatu?"

"Kiatu kimoja, mama. Gambuti."

Akashuka chini polepole mpaka akakaa sakafuni.

"Cha pili ninacho," akasema. "Wenzake waliniletea. Waliniambia udongo ulipoporomoka machimboni alishika gogo la dari mpaka wote wakatoka. Nikawafukuza. Nikawaita waongo. Kuna mtu alikuwa amenidanganya kwamba alimwona Tarime, kule Tanzania, nikashika neno la huyo."

Hakulia. Alinyanyuka, akafunua ile sahani, ugali na samaki, akaisukuma mbele yetu. "Kuleni. Mwenyewe haji."

Tukala. Ungekataa vipi?

Mwili haukutolewa. Wazee walisema hawatashusha mtu mwingine kwenye maji yale. Kwetu, mtu akipotea hivyo, huzikwa tunda la yago badala yake, lile tunda refu linaloning'inia mtini kama kibuyu. Ndugu zake walishataka kufanya hivyo zamani, mama akawa anakataa. Sasa alikubali, na akaomba niwe mmoja wa wabebaji.

Sikilizeni hili. Tunda lile niliona likichumwa. Mwanamke mmoja alilibeba begani akiwa anapiga soga. Likatiwa jenezani, jeneza la mbao nyepesi. Kisha sisi wanaume sita tukainama kuliinua, na magoti yakatukunjika. Sita! Tulitazamana juu ya jeneza, kila mtu jasho linamtoka. Ulikuwa uzito wa mtu mzima aliyelowa maji. Tulipomteremsha kaburini na kuachia kamba, nilimwona mama yake akiinua uso, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa vizuri.

Tangu hapo sijaingia chini ya gari. Jipu likiharibika, fundi huja na mimi nasimama mbali. Usingizini nahisi chuma kikigusa vifungo vya shati, ingawa silali na shati. Atieno bado ni mshirika wangu, lakini anapanda magari mengine, tunakutana sokoni.

Nawe unayenisikiliza, ukipita penye machimbo usiiamini ardhi kwa sababu tu imeota nyasi. Hilo dogo. Kubwa ni hili: kama kwenu kuna aliyepotea, na walikuja watu kuwaambia ukweli mkawafukuza, wafuateni leo. Waiteni ndani, wapeni kiti, wasikilizeni mpaka mwisho. Mzikeni mtu wenu, hata kama ni kwa tunda. Marehemu hawezi kupumzika wakati nyinyi mnamngoja.